Kuwianisha joto la mitamba wa nyama: hesabu huanzia kwenye yai

Yai la ng'ombe likishatoka kwenye ovari lina saa 6 hadi 12 tu za kurutubishwa. Zikipita hizo limekufa, na mfugaji atangoja wiki tatu nyingine. Mbegu za dume nazo zikiwekwa kwenye kizazi huhitaji saa 6 hadi 8 kukomaa kabla ya kuweza kupenya yai, kisha huishi siku moja hivi. Kazi nzima ya uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa mkono bila dume, basi ni kuhakikisha mbegu imefika, imekomaa na inasubiri pale yai linaposhuka. Dawa za kuwianisha joto (muda ambao jike yuko tayari kupandwa), ambazo wengine huziita za kuchochea au kusawazisha joto, hazimpi mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, uzazi asio nao. Zinapanga tu saa za mitamba wengi zigonge pamoja. Mtamba ambaye saa yake haijaanza kutembea, au imesimama kwa njaa, hana cha kupangwa.

Hilo la mwisho ndilo linalokula fedha. Mfugaji wa Misungwi au Magu, mkoani Mwanza, anaweza kununua dawa sahihi, akamlipa mhimilishaji hodari, akapata mbegu nzuri ya kabila la Boran, halafu kati ya mitamba 30 wakashika mimba 6. Lawama huenda kwenye mbegu. Mara nyingi kosa lilifanyika miezi mitatu nyuma, malishoni.

Siku 21 za mtamba

Mzunguko wa joto huchukua wastani wa siku 21, na ukiwa kati ya siku 18 na 24 hakuna la kushangaza. Siku ya kupandwa tuiite siku ya 0. Yai huachiliwa kama saa 24 hadi 32 tangu joto lianze, yaani mara nyingi mtamba ameshatulia. Pale lilipochomoka hubaki kidonda ambacho kwa siku chache hugeuka donge la rangi ya manjano. Donge hilo hutengeneza projesteroni, homoni inayotunza mimba na kuzuia joto. Projesteroni ikiwa juu, mtamba haingii joto hata ufanyeje. Kufikia siku ya 16 au 17, kama hakuna mimba, kizazi humwaga prostaglandini, homoni ambayo pia huuzwa kama dawa ya sindano. Donge huyeyuka, projesteroni hushuka, kifuko cha yai kilichokuwepo hukua na kutoa estradioli, na mtamba huanza kusimama apandwe na wenzake.

Mambo mawili hapo hubeba yote yanayofuata.

La kwanza: donge changa halisikii dawa. Ukimchoma mtamba prostaglandini kabla ya siku ya 5 au 6 tangu joto lake, hakuna kitakachotokea, hata ukiongeza kipimo. Ndiyo maana sindano moja kwa kundi zima daima huacha watu wakihesabu waliokosekana. Siku 6 kati ya 21 ni zaidi ya robo. Katika mitamba 40 walio kwenye mzunguko, 11 hivi watakuwa kwenye siku hizo za ukiziwi.

La pili: vifuko vya mayai hukua kwa mawimbi, mawili au matatu katika mzunguko mmoja, na katika kila wimbi kifuko kimoja huwashinda wenzake. Prostaglandini haiyagusi mawimbi hayo. Mitamba waliochomwa saa ileile huingia joto kwa kutawanyika, kuanzia siku ya 2 hadi ya 5. Aliyekutwa na kifuko kilichokwisha kukua hutangulia. Aliyekutwa wimbi ndiyo kwanza linaanza huchelewa. Kwa hiyo kuhimilisha wote kwa saa moja baada ya sindano ya prostaglandini peke yake ni kubahatisha, hata kama kila mmoja ameitikia.

Kwa ng'ombe wetu wenye nundu liko na la tatu. Joto la zebu ni fupi, mara nyingi saa 10 hivi, na sehemu kubwa hutokea usiku ng'ombe wakiwa zizini. Mchungaji anayeanza kutazama saa 2 asubuhi akishafungua zizi anaona mabaki tu: manyoya yaliyosuguliwa juu ya mkia, matope ya kwato ubavuni, ute mwangavu unaoning'inia.

Kabla ya chupa kufunguliwa

Mtamba huanza mzunguko akifikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jike mzima wa kabila lake. Kwa zebu lenga 65. Mtamba wa Kisukuma ambaye majike wa kundi lake wana kilo 260 anahitaji kilo 169. Mtamba wa Boran mwenye mama wa kilo 380 anahitaji kilo 247. Kipimo ni mama zake, si mitamba wa jirani. Umri haukusaidii sana hapa, kwa sababu zebu wa malisho ya asili anaweza kufika miaka mitatu bado ovari zimelala. Pasipo mizani, utepe wa kupimia kifua unatosha, ilimradi upime asubuhi kabla hawajanywa maji, kila mara vilevile.

Uzito hutengenezwa mapema. Chukua mtamba wa kilo 140 katikati ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshaamsha majani. Ili afike kilo 170 anadaiwa 30. Akiongezeka gramu 400 kwa siku, ni siku 75, na hapo ni mwisho wa Januari. Majani mapya yatafanya kazi kubwa, na aliyetunza ngitili, yaani malisho ya akiba yaliyofungwa, tangu kiangazi huanza na mitamba wasiokonda sana. Kilo moja ya mashudu ya pamba kwa siku, ikichanganywa na pumba laini za mpunga au za mahindi, pamoja na chumvi ya madini yenye fosforasi, hufunga pengo lililobaki. Angalia pumba za mpunga unazouziwa: zile ngumu, za maganda matupu, hujaza tumbo bila kulisha.

Wiki nne hadi sita kabla ya kuanza, daktari wa mifugo au mhimilishaji apapase kizazi cha kila mtamba kupitia njia ya haja kubwa na kumpa alama 1 hadi 5. Alama 1 ni pembe za kizazi nyembamba, laini, zisizo na msuli, na ovari ndogo tambarare. Alama 5 ana donge la manjano linalopapasika. Wa 4 na 5 wako tayari. Wa 3 yuko njiani. Anaweza kuingizwa iwapo utatumia kifaa cha projesteroni, kwa sababu homoni hiyo humsukuma mtamba aliyekaribia kubalehe aanze mzunguko. Wa 1 na 2 waachwe waendelee kula. Kuwachoma prostaglandini ni kumpigia mbuzi gitaa: hawana donge la kuyeyushwa. Na mtamba aliyezaliwa pacha na dume muondoe kabisa, kwani karibu wote wa namna hiyo ni tasa.

Upapasaji huo una kazi nyingine ambayo huku kando ya Ziwa Victoria ni nzito kuliko ya kwanza. Mifugo yetu hulisha pamoja na kunywa pamoja, na dume la mtu yeyote ni dume la kila mtu. Prostaglandini hutoa mimba. Mtamba aliyepandwa kule mtoni wiki sita zilizopita, mwenyewe hujui, utamharibia ndama kwa sindano ya kumtafutia ndama. Watenge mitamba na madume siku 60 au zaidi, kisha wapimwe; mwenye mimba atoke kwenye orodha. Kipindi hichohicho maliza chanjo zote zinazohitajika, kama za homa ya mapafu na mapele ngozi, zisije zikaangukia wiki za mimba changa. Kuogesha kuendelee kama kawaida, kwa sababu ndigana kali, ugonjwa wa kupe, haingoji ratiba yako.

Njia ya siku sita

Kwa mwenye mitamba 20 hadi 60 na wachungaji wanaoaminika, hii ndiyo njia tunayoiweka mbele, ingawa haina mbwembwe. Tazama joto siku 6 mfululizo. Kila anayeonekana, himilisha saa 12 baadaye. Asubuhi ya siku ya 7, wote ambao hawajaonekana wachomwe prostaglandini mara moja, kisha endelea kutazama na kuhimilisha siku 5 zaidi.

Kwa nini sita? Kwa sababu asiyeonekana kwenye joto ndani ya siku 6 hawezi kuwa kwenye siku za ukiziwi. Kila aliyebaki yuko siku ya 6 au zaidi, na donge lake linasikia. Tatizo la sindano moja linaondoka bila kununua sindano ya pili, na zaidi ya robo ya kundi hawachomwi kabisa.

Faida kubwa kuliko hiyo ni kwamba siku sita hizo ni kipimo cha kundi. Kama mitamba 40 wote wako kwenye mzunguko, kila siku wawili hivi wataingia joto, na kwa siku 6 utakuwa umehesabu 11. Ukipata 9, sawa. Ukipata 3, chupa usiifungue. Ama mitamba hawajaanza mzunguko ama watazamaji wamelala, na yote mawili ni ya kurekebisha kabla ya kutumia dawa.

Utazamaji kwa zebu haupaswi kuwa wa asubuhi na jioni peke yake. Ongeza zamu ya saa 4 usiku na ya saa 10 alfajiri, tochi mkononi, dakika 30 kila zamu bila kuwasumbua. Dalili moja tu ndiyo ya uhakika: mtamba anayesimama tuli akipandwa. Anayewapanda wenzake huenda yuko karibu, lakini bado. Mstari wa rangi juu ya shina la mkia, urefu wa sentimita 20 na upana wa 5, husaidia sana: ukifutika, amepandwa. Zizi likiwa na matope ya masika rangi hudanganya, kwa hiyo ipakwe upya kila siku mbili. Dume aliyekatwa mirija ya mbegu hushinda rangi na tochi zote, ikiwa unaye.

Anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni. Anayeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Kanuni hii ni ya zamani, na hesabu ya mwanzo inaieleza. Yai litaachiliwa karibu saa 28 tangu joto lianze. Ukiweka mbegu saa 12 baada ya kuona, zitakuwa zimekomaa na bado zina nguvu. Ukihimilisha papo hapo baadhi zitakufa zikingoja. Ukichelewa hadi saa 24 yai litazeeka likizisubiri.

Kipimo cha prostaglandini hutegemea aina. Dinoprosti ni miligramu 25, ambayo kwa chupa nyingi ni mililita 5. Kloprostenoli ni mikrogramu 500, kwa chupa nyingi mililita 2. Aliyezoea moja akipewa nyingine hukosea kirahisi, kwa hiyo soma lebo kila mara. Sindano iingie kwenye msuli wa shingo, si kwenye paja ambalo kesho ni nyama ya bucha, na iwe ndefu ya kufika msulini. Dawa ikiishia kwenye mafuta chini ya ngozi hufyonzwa polepole. Prostaglandini hupenya hata ngozi ya binadamu. Mjamzito na mwenye pumu wasiiguse kabisa. Wengine wavae glavu, na ikimwagika mkononi ioshwe hapohapo kwa sabuni.

Sindano mbili, na kifaa cha ukeni

Njia ya sindano mbili za prostaglandini, zilizopishana siku 11 hadi 14, huwanasa kwenye ya pili wale waliokuwa viziwi kwenye ya kwanza. Ni rahisi kupanga lakini hutumia dawa mara mbili, na bado mawimbi ya vifuko hayajaguswa, kwa hiyo utazamaji wa joto unabaki palepale. Kwa mitamba tunaona siku 14 ni bora kuliko 11, kwa sababu donge la walioitikia mara ya kwanza linakuwa limekomaa vizuri.

Anayetaka kuhimilisha kwa saa iliyopangwa, bila kutazama joto, hana budi kuyashika mawimbi. Hapo ndipo kinapoingia kifaa cha projesteroni, kipande cha plastiki kilichopakwa silikoni yenye homoni, ambacho wahimilishaji wengi hukiita CIDR hata kama ni cha kampuni nyingine. Kikiwa ukeni, mtamba anakuwa kana kwamba ana donge, joto linafungwa. Siku ya kukiingiza, sindano ya gonadorelini, mikrogramu 100, huchochea kifuko kikubwa kilichopo kupasuka ili wimbi jipya lianze kwa wote. Siku ya 7 unakitoa na kuchoma prostaglandini, ili donge lolote lililopo liyeyuke. Mtamba anahimilishwa saa 54 baadaye, huku akichomwa gonadorelini ya pili itakayomlazimisha aliyechelewa aachilie yai. Ng'ombe waliokwisha kuzaa hungojewa saa 60 hadi 66. Mitamba huwahi, na kuwatumia saa za mama zao ni kuwachelewesha.

Ratiba hiyo ilitengenezwa Marekani kwa ng'ombe wasio na nundu, na udhaifu wake ni sindano ya kwanza. Kwa mitamba, na zaidi kwa zebu, wengi hawana kifuko cha kutosha kupasuka siku hiyo, na wimbi haliwianishwi. Brazili, nchi yenye mamilioni ya Nelore wenye nundu, hutumia zaidi njia nyingine: siku ya 0, kifaa na miligramu 2 za estradioli benzoeti, inayoangusha wimbi lililopo ili jipya lianze siku chache baadaye; siku ya 8 kifaa kinatolewa, prostaglandini inachomwa pamoja na homoni ya eCG uniti 300 za kukuza kifuko na miligramu 0.5 ya estradioli sipionati. Kisha kuhimilisha saa 48 hadi 54 baada ya kutoa kifaa. Umoja wa Ulaya umezuia estradioli kwa wanyama wa chakula. Hapa kwetu mwulize daktari wa mifugo ni dawa gani imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na usikubali chupa isiyo na lebo inayosomeka.

Pasipo estradioli kuna njia ya katikati inayowafaa zebu: kifaa siku 7, prostaglandini wakati wa kukitoa, kisha kutazama joto na kuhimilisha saa 12 baada ya kuona, hadi saa 72. Wale ambao hawajaonekana wahimilishwe wote saa hiyo ya 72 pamoja na gonadorelini.

Kifaa kina usumbufu wake. Uke usafishwe na kukaushwa kwanza, bomba la kuingizia lichovywe kwenye dawa ya kuua vijidudu na lipakwe mafuta maalumu ya kulainisha, lielekezwe juu kidogo kufuata paa la njia. Mitamba wana tabia ya kuvutana kwa meno kamba ya kifaa inayobaki nje. Ikatwe ibaki sentimita 6 tu nje ya uke. Ute mzito mweupe wakati wa kukitoa ni wa kawaida, si ugonjwa. Hesabu vilivyoingia na vilivyotoka, na mtamba aliyepoteza chake asihimilishwe kwa saa ya kundi. Mtazame joto peke yake. Kutumia kifaa cha jana kwa mtamba wa leo bila kukitakasa ipasavyo ni kugawa maambukizi.

Saa 54 zinaanzia wapi

Hapa huharibika mipango mingi iliyoanza vizuri, na chanzo ni kuhesabu. Mtu akiweka kifaa Jumatatu akaiita "siku ya kwanza", siku ya saba yake ni Jumapili. Kitatoka kikiwa na siku 6. Siku ya kuweka ni sifuri. Jumatatu kwa Jumatatu ndizo siku 7. Andika tarehe na jina la siku kwa kila hatua kwenye karatasi moja, ibandikwe kwenye nguzo ya kibanio, yaani njia nyembamba ya kumbana mtamba ahudumiwe, na usitegemee neno "kesho kutwa" kwenye simu.

Kisha panga saa kwa kurudi nyuma. Ukitoa kifaa Jumatatu saa 1 asubuhi, saa 54 zitaangukia Jumatano saa 7 mchana, jua la Februari likiwa utosini, mitamba wakihema kwenye kibanio. Joto la mwili likipanda, mbegu na yai huumia. Toa kifaa saa 4 asubuhi badala yake, na uhimilishaji utakuwa Jumatano saa 10 alasiri. Nafasi inayokubalika ni saa 2 mbele au nyuma, yaani kati ya saa 8 mchana na saa 12 jioni. Kwa ratiba ya estradioli ni kinyume: toa kifaa saa 1 asubuhi, anza kuhimilisha saa 1 asubuhi siku mbili baadaye, na umalize kabla ya saa 5.

Ndani ya nafasi ya saa nne, mhimilishaji mmoja anayefanya mitamba 10 kwa saa bila kuharakishwa anamaliza 40. Ukiwa na 70, ama waite wawili ama ligawe kundi lianze siku tofauti. Vifaa vitolewe kwa mpangilio uleule mitamba watakaohimilishwa, kwa namba za hereni, ili wa mwisho kutolewa awe wa mwisho kuhimilishwa.

Na fikiria maji. Wa Sengerema wamepumua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lakini wa Ukerewe bado wako mikononi mwa kivuko. Mhimilishaji anayetoka Mwanza avuke jana yake. Saa ya yai haijui kwamba kivuko kimechelewa Kisorya.

Mtungi, mrija na mkono

Naitrojeni ya kimiminika ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mbegu iliyogandishwa hukaa salama miaka mingi ndani yake. Huharibika mtu anapoichezea. Kikapu cha mirija yenye mbegu kisipandishwe juu ya shingo ya mtungi, na kama hujaupata mrija kwa sekunde 10, kishushe kipoe kabla ya kujaribu tena. Kila mrija unaopigwa na hewa ya joto na kurudishwa umepoteza sehemu ya uhai bila kuonyesha alama yoyote. Pima naitrojeni kwa kijiti kabla ya safari. Kwenye pikipiki mtungi ufungwe wima ndani ya sanduku lenye sponji; ndani ya gari, madirisha yawe wazi, kwa sababu lita moja ya kimiminika hutoa karibu lita 700 za gesi inayosukuma hewa nje.

Mrija huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, si kwa kidole, kwa sekunde 30 hadi 45. Ukaushwe kabisa, kwani tone la maji huua mbegu. Ncha yake ikatwe mkato mnyoofu, si wa mshazari, upakiwe kwenye bunduki ya kuhimilishia iliyopashwa joto kwa kuisugua au kuiweka ndani ya nguo, na utumike ndani ya dakika 10 hadi 15. Yeyusha ile tu utakayoimaliza katika muda huo. Kupanga mirija 12 kwenye maji ili "kuokoa muda" ni kuua ya mwisho.

Mtamba ana shingo ya kizazi nyembamba, na mkono wenye papara huishia kabla ya pete ya mwisho. Mbegu iachwe mara tu ncha inapotokea ndani ya mwili wa kizazi, taratibu, kwa sekunde tano hivi. Kupita hadi ndani ya pembe moja ni kubahatisha upande na kukwaruza. Bakora na kelele ziachwe nje. Mtamba aliyepigwa humwaga homoni za hofu zinazovuruga uachiaji wa yai.

Uchaguzi wa dume ni mada yake, isipokuwa jambo moja ambalo hatulipindishi: usimpe mtamba wa zebu wa kilo 170 mbegu ya Simmental au Charolais kwa tamaa ya ndama mkubwa. Huyo ndama hatapita. Boran, au Angus aliyepimwa kwa wepesi wa kuzalisha, ndio wa mara ya kwanza.

Matokeo ya mwisho ni hesabu ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Tuseme asilimia 90 ya mitamba wako kwenye mzunguko, 90 wanaitikia dawa kwa wakati, mhimilishaji ana ubora wa 90, na mbegu ina uwezo wa 70. Zidisha: utapata 51. Sasa mzunguko ushuke hadi 50 kwa sababu ya kiangazi kibaya, mengine yote yakibaki palepale. Utapata 28. Hakuna chupa inayorudisha pengo hilo.

Baada ya hapo

Chakula kisipunguzwe. Mtamba aliyelishwa mashudu hadi siku ya kuhimilishwa kisha akaachiwa malisho makavu hupoteza kiinitete kimyakimya, na mfugaji atasema mbegu haikushika. Kusafirisha kwa gari kufanyike ndani ya siku 4 za mwanzo au kungojwe hadi ipite siku ya 45; katikati ya hapo mimba bado inatafuta pa kujishikiza.

Siku ya 18 hadi ya 24 rudisha tochi na rangi, kwa ajili ya wale ambao hawakushika. Mimba hupimwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kuanzia siku ya 30, na kwa mkono kuanzia siku ya 60 kwa mpapasaji wa kawaida.

Dume la kufagia waliobaki liingizwe siku ya 14 baada ya kuhimilisha, si kabla. Mimba huchukua siku 283 hadi 290 kulingana na kabila. Mitamba waliohimilishwa Februari 1 watazaa karibu na Novemba 13, vuli ikiwa imeshatia majani. Watakaopandwa na dume watakaporudi kwenye joto watazaa kuanzia Desemba 1. Ndama atakayeanguka katikati ya Novemba mwandike kwa jina la mrija, wa Desemba kwa jina la dume.